Siki, soda au magadi: kutu ya tangi la pikipiki inatolewa na kipi?

Pikipiki yenye kutu kwenye tangi ina ujanja wake. Asubuhi inawaka kwa kiki moja, inakwenda vizuri mpaka ufike mlimani. Ukivuta resi inakohoa, inamisi, inazima. Ukisimama dakika mbili inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Unabadilisha plagi. Fundi anafungua kabureta, anapuliza jeti (kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli), unamlipa, unaondoka, na baada ya siku nne uko palepale. Kwenye bakuli la kabureta mlikuta vumbi jekundu, laini kama pilipili ya unga. Mkalifuta, na hakuna aliyeuliza limetoka wapi.

Limetoka juu. Mimi niliuliza kwa kuchelewa, baada ya pikipiki yangu kukaa chini ya mwembe, Tanga, masika nzima, tangi likiwa na mafuta robo. Nilipofungua kofia na kumulika ndani kwa tochi ya simu (tochi ya simu, si kiberiti, watu wanafanya hivyo), ukuta wa juu wote ulikuwa rangi ya tofali, na chini petroli ilikuwa imekaa juu ya kitu kama kahawa iliyochujwa vibaya.

Pale kijiweni nilipewa ushauri wa aina tano. Mmoja alisema siki. Wa pili alisema soda, ile nyeusi. Wa tatu alisema tia kokoto na dizeli, tikisa. Wa nne alisema maji ya betri, “yanakula kutu yote saa moja”. Wa tano alisema nisijisumbue, ninunue tangi jingine. Wote waliapa kwamba wameona kwa macho yao, na kinachochanganya ni kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa anazungumzia kazi tofauti, ila wote waliiita kwa jina moja: kutoa kutu.

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka polepole kuwa kutu. Ukikiondolea kimojawapo kati ya hivyo viwili, kutu haiji. Chumvi haileti kutu peke yake, lakini huiharakisha sana, ndiyo maana pikipiki ya Tanga, Mombasa au Unguja huzeeka haraka kuliko ya Dodoma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inavimba, inapasuka, inabanduka kama magamba, na chini yake chuma kipya kinabaki wazi kuliwa. Aluminiamu nayo hushikwa na hewa, lakini ganda lake hung’ang’ania na kulinda kilicho chini. Kutu haina huruma hiyo.

Sasa, maji yanaingiaje kwenye tangi la petroli? Kofia ikiwa na mpira uliochoka, mvua inapita, na ukiosha pikipiki kwa mashine ya presha, inapita zaidi. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara nayo huja na mengine yasiyo mafuta. Na hata kama kofia ni nzima, tangi lililojaa nusu lina hewa nusu. Usiku likipoa, unyevu wa ile hewa hutua kama umande kwenye dari ya tangi, kisha huteremka. Petroli lita moja ina uzito wa gramu 750 hivi, maji ni kilo nzima, kwa hiyo maji hupita katikati ya petroli na kulala chini kabisa.

Na chini ya tangi la pikipiki si bapa. Ligeuze uone: katikati kuna mgongo unaokalia bomba la fremu, kulia na kushoto kuna mabonde mawili. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda koki ya mafuta iko upande mmoja tu. Bonde la upande wa pili halimwagiki kamwe, maji yake yanakaa humo miezi. Halafu koki yenyewe ina mirija miwili, mmoja umesimama juu kidogo, mwingine uko chini. Ule wa chini ndio rizevu. Ukigeuza koki kwenye rizevu unanyonya kile kilichokuwa kimelala sakafuni, ndiyo maana pikipiki nyingi hufia kituo cha mwisho kabla ya sheli.

Kabla ya siki

Toa petroli yote, vua tangi, lipeleke mahali pa wazi mbali na jiko la mkaa, sigara, kiswichi cha taa na mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Tangi lililojaa ni hatari kwa sababu lina mafuta mengi, lakini lililomwagwa punde ni la kuogopwa zaidi. Petroli haiungui ikiwa kimiminika. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na unalipuka pale mvuke unapofika kati ya asilimia moja na nusu na saba na nusu hivi ya hiyo hewa. Kwenye tangi lililojaa hakuna hewa ya kutosha. Kwenye tangi tupu lenye harufu, mchanganyiko unaweza kuwa umeshakamilika, unangoja cheche. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hautoki wenyewe kwa kuachwa kofia wazi. Maji na sabuni ndiyo huutoa.

Sabuni ina kazi ya pili, na hapa ndipo wengi wanaosema “siki haikufanya kitu” walipopotea. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando kama vanishi, unaonata. Siki ni maji. Ukiimimina juu ya utando wa mafuta inateleza kama mvua kwenye jani la mgomba, kutu iko chini imelala salama. Osha mara mbili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, mpaka maji yasitelezeshe vidole.

Vua koki, geji ya mafuta na kofia. Mara nyingi si vya chuma, na tindikali au magadi vitavila. Kama tangi lenu ni la aluminiamu au plastiki, makala hii si yenu. Tundu la koki lizibe kwa kipande cha tyubu na bamba dogo, ukalikaza kwa boliti zilezile. Rangi ya nje ifunike kwa nailoni, kwa sababu siki inayochuruzika inaweza kuiacha na madoa.

Kisha kokoto, au tuseme kitu kingine badala ya kokoto. Yule wa tatu pale kijiweni alikuwa sahihi kuhusu kazi, akakosea kifaa. Magamba yaliyolegea lazima yatikiswe yatoke kwanza, la sivyo tindikali yako itaishia kuyeyusha takataka ambazo zingemwagika bure. Lakini kokoto husagika, na vumbi la jiwe kwenye kabureta si bora kuliko kutu. Nati zinafaa, ila zihesabu. Mimi niliingiza 30 zikatoka 29, na ile moja niliisikia ikizunguka ndani nusu saa, iko bonde la kulia, nikiinamisha iko la kushoto. Ilitoka kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye waya. Siku hizi natumia mnyororo mwembamba wa kufungia mbwa, ncha yake moja nimeifunga waya unaobaki nje. Unaingia mmoja, unatoka mmoja.

Uchachu na akiba ya uchachu

Hapa ndipo ubishi wa siki na soda unapopatia jibu, na nadhani ndiyo sehemu tamu ya habari yote.

Siki na soda nyeusi zote ni chachu. Kwa kipimo cha pH ziko karibu sawa, kwenye 2.5 hivi. Mtu akisikia hivyo anasema basi ni yale yale, nitatumia iliyo karibu. Lakini pH inakuambia uchachu ulio mezani saa hii tu, haikuambii uliobaki stoo. Fikiria wanunuzi wawili dukani, kila mmoja ameshika noti ya elfu kumi. Mmoja ana nyingine benki, mwingine ndiyo hiyo hiyo. Kwa muuza duka, leo wako sawa.

Siki ya kawaida ina tindikali asilimia 5, yaani gramu 50 hivi kwa lita. Soda nyeusi ina tindikali ya fosforasi isiyofika gramu moja kwa lita. Kutu inavyokula tindikali, siki inatoa nyingine kutoka kwenye akiba yake, soda inaishiwa mapema. Na soda ina kitu kingine cha ziada: sukari, gramu mia moja na kidogo kwa kila lita. Tangi la bodaboda hubeba lita 11 hivi. Ukilijaza soda umemimina humo zaidi ya kilo moja ya sukari, na kila chembe itakayobaki kwenye pembe itakwenda kukaa kwenye jeti. Soda hutoa kutu nyepesi kwenye boliti, hilo ni kweli, na tindikali ya fosforasi ina sifa nzuri ya kuacha utando mgumu juu ya chuma. Kwa tangi zima ni hasara na kazi mara mbili.

Ndimu je? Maji ya ndimu yana tindikali nyingi sawa na siki, au zaidi. Lakini kama ndimu moja itakupa vijiko viwili vya chakula, lita 11 zinataka zaidi ya ndimu 350, na nyama yake itabaki ndani. Kuna njia fupi: asidi ya ndimu ya unga, ule unga mweupe wanaotia watengeneza ubuyu na achari. Gramu 50 kwa lita ya maji ya moto zinatosha, kwa hiyo nusu kilo na kidogo kwa tangi zima. Mimi naipendelea kuliko siki kwa sababu mbili. Huishika ile kutu iliyoyeyuka isirudi kutua, na haiachi nyumba nzima ikinuka kachumbari. Iache kwa muda wa saa 12 hadi 24, usilale nayo siku tatu, maana ikimaliza kutu itaanza chuma. Siki ni mvivu kidogo: siku nzima, mara nyingi mbili. Ukiliweka tangi juani kazi inakwenda haraka zaidi, kwa kuwa joto huchochea.

Yoyote utakayochagua, jaza mpaka mdomoni. Ukijaza nusu, ile sehemu ya juu itapata mvuke wa tindikali na hewa pamoja, na itashika kutu mbaya kuliko uliyoikuta. Na usikaze kofia. Tindikali ikigusa chuma hutoa gesi ya haidrojeni, kidogo lakini inatoka, na inaungua.

Maji ya betri niliyakataa, na ningekushauri uyakatae. Ile ni tindikali ya salfa iliyo kali, haitofautishi kutu na chuma, na kwenye tangi ambalo bati lake limeshapungua, saa moja ya “kula kutu yote” inaweza kuwa saa moja ya kutoboa. Inachoma ngozi na macho pia. Dawa za choo zenye tindikali ya kloridi zina ubaya wao: zinaacha kloridi kwenye vinyweleo vya chuma, kama kukipaka chumvi ya bahari kwa ndani. Na hizo dawa, wala siki, zisikutane kamwe na jiki, maana gesi inayotoka ni klorini, na klorini inaua.

Halafu magadi. Kuna watu humimina siki na magadi soda kwa pamoja, povu likifoka wanafurahi. Lile povu ni magadi na siki vinauana. Gesi inatoka, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi yasiyoweza kuyeyusha chochote. Magadi hayatoi kutu ukiyatia peke yake. Kazi yake ni baadaye, kuua tindikali iliyobaki, na hapo ndipo yanapofaa.

(Kuna njia moja ambamo magadi hufanya kazi tangu mwanzo, ile ya umeme: tangi linajazwa maji yenye magadi, nondo inaning’inizwa katikati bila kugusa ukuta, chaja ya betri ya volti 12 inaunganishwa, hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Kutu inalegea na chuma hakiliwi. Ni njia safi, lakini inatoa haidrojeni nyingi kuliko siki, haifanyiki ndani ya nyumba, na swichi huzimwa ukutani kabla ya kugusa koleo. Nondo iwe ya chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu hutoa maji yenye sumu ya kromu.)

Dakika kumi baada ya siki

Mara ya kwanza nilifanya yote vizuri mpaka hapa. Siki siku mbili, nikamwaga maji meusi kama wino, nikasuza kwa bomba, nikamulika: chuma cheupe kijivu, kizuri, kama sufuria mpya. Nikaligeuza tangi kichwa chini juu ya matofali mawili likauke, nikaenda kulala. Asubuhi nikamulika tena. Lilikuwa la manjano lote, rangi ya binzari, kila pembe.

Hilo halikuwa kosa la siki. Kutu ya zamani, pamoja na ubaya wake, ni ganda. Ukishaitoa, chuma kinabaki uchi kabisa, kimelowa maji yenye tindikali kidogo, kimezungukwa na hewa. Hali nzuri zaidi ya kushika kutu huwezi kuitengeneza hata kwa makusudi. Haisubiri masika, inaanza ndani ya dakika. Watu wengi wanaoapa kwamba njia za nyumbani hazifai wameshindwa hapa, na wakalaumu kilichofanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo mara ya pili nilipanga vitu vyote mezani kabla ya kumwaga tone. Ndoo ya maji yenye magadi soda, vijiko vitatu vikubwa kwa kila lita. Sufuria mbili za maji ya moto. Chupa ya spiriti. Nusu lita ya dizeli. Na petroli ya kujaza tangi, iko kwenye dumu mbali.

Mwaga siki, tia maji ya magadi papo hapo, zungusha tangi kila upande. Litafoka, acha mdomo wazi. Mwaga, rudia mpaka lisifoke. Huhitaji kuua siki yote ikiwa bado imo ndani, hiyo ingekula karibu robo tatu ya kilo ya magadi bure. Unaua ile iliyoganda ukutani tu. Magadi soda ya dukani ni bora hapa kuliko magadi ya mawe ya sokoni, maana yale yanayotoka kwenye maziwa kama Natron huja na chumvi yake. Kwa sababu hiyo hiyo, kama unaishi pwani, maji ya kisima usiyatumie kwa suuza ya mwisho. Maji ya mvua yanafaa.

Suuza ya mwisho ni maji ya moto, moto kweli, uvae glavu au ushike kwa kitambaa. Joto linabaki kwenye bati na bati linajikausha lenyewe. Kisha spiriti kidogo, zungusha, mwaga. Inachukua maji yaliyojificha kwenye maungio. Juani, juu ya mabati, robo saa. Usilete kikaushia nywele, mvuke wa spiriti unashika moto. Tangi likikauka tia dizeli, lizungushe mpaka uhakikishe imegusa dari na mabonde yote mawili, mwaga ziada. Huo utando wa mafuta ndio unaokaa badala ya kutu. Alasiri hiyo hiyo rudisha koki na mpira mpya, jaza petroli mpaka juu. Pikipiki itatoa moshi kidogo siku ya kwanza, usishtuke.

Yale maji meusi usiyamwage kwenye mtaro wala bustanini. Yana chuma, na kwenye suuza ya kwanza yana petroli. Yaue tindikali yake kwa magadi na uyaweke kwenye dumu.

Na yule wa tano, wa kununua tangi jingine? Wakati mwingine ndiye mwenye haki. Kutu hujaza tundu iliyolichimba. Ukiisafisha, tundu linabaki, na petroli inaanza kutoka jasho chini ya tangi, juu ya injini ya moto. Kabla ya kurudisha tangi, lijaze, liweke juu ya gazeti kavu kivulini kwa saa kadhaa. Doa moja kwenye mshono unaweza kulifikiria, iko gundi ya chuma isiyoyeyuka kwa petroli. Madoa matatu kwenye bati tupu, usiyafikirie. Wala usikubali mtu akuchomelee tangi lililowahi kubeba petroli, hata akikuambia ameosha.

Nilifunga chujio la plastiki linaloonyesha ndani, kati ya koki na kabureta. Baada ya wiki moja lilikuwa na mstari mwembamba mwekundu chini, nikalitupa, nikaweka jingine. Hilo la pili ninalo mpaka sasa, na ukilishika dhidi ya mwanga unaona petroli upande hadi upande.